Kahawia ya Aikande

Usiombe kupanda Kibosho Krismasi ukiwa umekonda. Mchagga akirudi mlimani Desemba, watu hawakagui mizigo tu, wanakagua na mwili. Mwenye gari anaangaliwa gari, asiye na gari anaangaliwa mashavu, na hukumu inatoka kabla hujamaliza kusema shikamoo. Ukiwa umenenepa, biashara inakwenda. Ukiwa umekonda, wanakupa pole ya safari kwa sauti ya chini, halafu wanakwenda kukujadili nyuma ya migomba. Na miaka ile ya tisini, nyuma ya migomba palikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kujadili.

Theodora aliyajua hayo kwa sababu aliyaona yakimpata kaka yake. Leodegar alirudi kutoka machimbo ya Mererani amebaki ngozi na mifupa, akalazwa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yao, akapewa sahani yake peke yake na kikombe chake cha bati chenye ua jekundu. Majirani walikuja kumjulia hali wakaishia mlangoni. Kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, ilipozungushwa, kila mtu akinywa kidogo na kumpa mwenzake, yeye alirukwa. Wallahi, kile kikombe kilimuua Leodegar kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake. Walipomzika, mama alikitundika kwenye msumari jikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukitupa.

Sasa hofu ilikuwa imehamia kwa Theodora mwenyewe. Mumewe, Basili, alikufa mwaka uliopita. Kifua, walisema watu, nao waliposema kifua walitazamana. Theodora akanyolewa nywele za matanga kama mila inavyotaka, na nywele zilipoota tena, ziliota chache, laini, zimelala kichwani kama za mtoto mchanga. Wakati ule hapakuwa na mtu Moshi nzima asiyejua nywele hizo maana yake nini. Baadaye akapata mkanda wa jeshi, yale malengelenge ya kuunguza, ukamwachia kovu jeusi nyuma ya shingo. Hospitali hakwenda kupima. Aende kuuliza jina la mgeni ambaye ameshaingia ndani na kuvua viatu?

Mjini kitambaa kilimsitiri. Aliuza vitenge sokoni, na mwuza vitenge akijifunga kilemba nani atamuuliza? Lakini nyumbani kwa mama yake kilemba kisingefua dafu. Mama yake, Margareta, alikuwa na desturi yake: binti akirudi, kwanza anamvua kitambaa, anamkalisha chini katikati ya magoti yake na kumshikashika kichwa, hata binti awe na miaka arobaini. Theodora alikuwa akiamka na wazo hilo na kulala nalo. Mikono ya mama ikigusa tu zile nywele, basi. Mama atajua, na kile kikombe kitashuka kutoka msumarini.

Ndiyo maana, Krismasi ilipokaribia, alitoka Rau alikoishi akaenda kusuka Njoro, mtaa mwingine wa Moshi, mbali na majirani zake. Alikuwa amesikia habari za msusi mmoja aitwaye Aikande, Mlutheri kutoka Machame, mwenye saluni ya chumba kimoja, mkono mwepesi na mdomo mzito.

Theodora aliomba rasta nyeusi. Yeye mjane, alisema, hataki mambo mengi. Aikande alimshika mkono akamsogeza mlangoni penye jua, akachukua pamba na kumfuta poda shavuni, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto uji. Theodora alisimama pale, uso wake mtupu mbele ya barabara yote ya Njoro.

Msusi akaanza kumwekea pakiti za nywele za bandia chini ya taya, moja baada ya nyingine. Nyeusi aliiondoa haraka. Ile ya dhahabu dhahabu, waliyokuwa wakiigombania wasichana weupe, ilimfanya awe wa kijani. Kahawia ya kawaida, ambayo humpendeza kila mwanamke wa maji ya kunde, haikumpendeza hata kidogo, maana Theodora alizaliwa maji ya kunde lakini hakuwa hivyo tena. Ngozi yake ilikuwa imepauka, ina majivu majivu, na majivu hayo hayakutoka kwa mafuta ya aina yoyote. Aikande alimgeuza, akamwinulia kilemba nyuma. Akaliona kovu. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Akafungua pakiti mbili na kuzichanganya kwa vidole: nyuzi mbili za kahawia iliyokolea kwa uzi mmoja wa kahawia yenye wekundu. Akauweka mchanganyiko shingoni kwa Theodora na kumpa kioo. Jamani! Uso uliomtazama mle ndani ulikuwa na damu. Ulikuwa uso wake wa zamani, wa kabla ya Basili kuanza kukohoa.

"Nyeusi ingekuzika," Aikande alisema. "Hii haiuzwi kwenye pakiti, nachanganya mwenyewe. Nawasukia wale tu ambao ngozi imewaponyoka."

Kwa hiyo huyu mwanamke anajua. Theodora akawaza kuchukua mkoba wake na kukimbia, akawaza Kibosho yote ikiambiwa. Aikande akamkalisha kwenye kiti na kuanza kugawa nywele kwa ncha ya kitana, akilegeza kila fundo zisije zikang'oka, na za kisogoni akaziacha ndefu zifunike kovu.

"Mimi nasuka," alisema, "sisemi."

Akaendelea kusuka mpaka akamaliza.

Mkesha wa Krismasi Theodora alipanda Kibosho. Mama alimvua kitambaa kabla hata hajatua mzigo, akamkalisha, akapitisha vidole juu ya rasta. Vidole vilikwenda mbele, vikarudi, vikateremka hadi kisogoni, penye kovu. Kisha mama akampiga kofi dogo la begani na kusema amependeza, mji haujamchakaza. Theodora alikwenda nyuma ya nyumba, akaegemea mgomba. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Sawa, wacha kimuumbue, lakini si Krismasi hii, na si mbele ya mama.

Baada ya misa ya Krismasi watu wakajaa uani. Mbuzi alikuwa jikoni, mtori wa ndizi unachemka, mbege imeiva. Veronika, jirani mwenye macho ya kupima watu kama mnunuzi wa kahawa, alimzunguka Theodora mara mbili, akamwangalia mbele na nyuma, asipate kasoro. Kata ikaanza kuzunguka. Ilipomfikia, Theodora aliigusa tu kwa midomo bila kumeza, akaupangusa ukingo kwa pembe ya khanga yake na kuipitisha. Alikwisha kusikia redioni kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kunywea chombo kimoja, lakini aliyepokea kata kutoka mkononi mwake ni mama yake, na redio haina mama.

Ndipo mdogo wake akaingia. Justina alitoka Arusha, alikokuwa akifanya kazi hotelini, amechelewa, kitambaa kichwani na mifuko mikono yote miwili. Mama alimkimbilia na kumvua kitambaa palepale uani. Rasta zikaanguka mabegani.

Watu wakashangilia. Rangi gani hiyo nzuri, inamng'arisha mtoto wa watu! Mama akawavuta binti zake wawili akawasimamisha bega kwa bega, akauliza kama walipanga wasuke sare. Kila mtu alicheka.

Theodora hakucheka. Aliitazama rasta moja iliyolala kwenye shingo ya mdogo wake. Nyuzi mbili zilizokolea, mmoja mwekundu. Akamtazama usoni, akaiona poda, nzito kuliko alivyozoea Justina kupaka. Na Justina alikuwa akikitazama kichwa chake yeye, macho yamemtoka.

Miezi yote ile Theodora alidhani ameshaogopa kiasi ambacho mtu anaweza kuogopa. Kumbe hakuwa ameanza. Ilikuwa ni nafsi yake tu aliyokuwa akiiogopea, na huyu alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kutembea kando ya mitaro ya kihamba hiki hiki, shamba la ukoo.

Wakaketi kwenye benchi. Kata ilizunguka tena, ikamfikia Justina. Aliigusa kwa midomo. Koo lake halikucheza. Akashika pembe ya khanga yake, akaupangusa ukingo taratibu, akampa dada yake bila kumtazama.

Theodora aliipokea.

"Nani amekuchagulia rangi?" akauliza, chini kwa chini.

Justina alitupa jicho upande wa mama.

"Dada mmoja wa Njoro. Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Moshi nikaulizia msusi asiye na maneno. Na wewe?"

"Huyo huyo."

Theodora akainua ile kata akanywa, safari hii akameza. Kisha akamrudishia mdogo wake bila kupangusa chochote, akaishikilia mpaka Justina naye akanywa.

Ng'ambo ya ua mama alikuwa akimwonyesha Veronika benchi lao kwa kidole, uso wake wote umefunguka kwa furaha.

"Mungu alinichukulia mmoja," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "lakini waone hawa wawili alioniachia. Waone walivyo na afya."

Watu wakaitika amina. Justina akatia mkono wake chini ya khanga ya dada yake akautafuta wa mwenzake, na wote wawili wakainua vichwa, mama awaone vizuri.