Sauti ya Kuazima

Mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne, wanafunzi walimbatiza jina la Honi. Si kwa ubaya. Mama huyu akifundisha darasa la mwisho kule uani, hata aliyesimama getini alijua kama leo ni pembetatu au ni sehemu. Mwalimu wa historia, mama mwenzake na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliwahi kumlalamikia kwa utani: "Mwenzangu, wanafunzi wangu wananiandikia kwamba vita vilianza kwa sababu ya eneo la duara." Honi alicheka mpaka akashika mbavu, akarudi darasani kunguruma vilevile. Alikuwa akiamini hesabu huingia kwa kugongomewa.

Sauti ilianza kukwaruza mwanzoni mwa mwaka. Akanywa maji ya moto, akatafuna tangawizi, akajipa moyo kwamba ni vumbi tu. Halafu asubuhi moja akafungua kinywa aseme "kaeni", na kikatoka kiupepo. Akakohoa, akajaribu tena. Hola. Wanafunzi walidhani anawatania, wakaanza kucheka, kisha wakaona machozi yanamlengalenga, kicheko kikakatika.

Mumewe alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimmulika kooni, akaweka taa yake mezani.

"Mama anafanya kazi gani?"

"Mwalimu," mume akajibu kwa niaba yake.

"Nilijua tu. Nyuzi za sauti zimeota vinundu. Akinyamaza kabisa, vitakwisha vyenyewe. Akiendelea kusema, hata kunong'ona, tutaonana chumba cha upasuaji."

"Anyamaze mpaka lini, daktari?"

"Mpaka nimruhusu mimi. Hesabuni muhula wote huu."

Muhula wote huu! Ndio muhula wa mtihani wa mwisho. Watoto wale alikuwa nao tangu kidato cha kwanza, wakiwa bado wanapotea njia ya kwenda maabara. Njiani kurudi nyumbani alitazama nje ya dirisha la gari, machozi yakimtiririka, na mumewe akamshika mkono.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mtu mwema, akamwambia apumzike, afya kwanza. Lakini Honi alipomwandikia kwenye kipande cha karatasi, "Nani atawafundisha?", mkuu alivua miwani akaanza kuifuta, na miwani haikuwa na doa. Mwalimu wa muda alikuwa ameombwa, hajapatikana. Mwalimu wa fizikia, ambaye angeweza kusaidia, vipindi vilikuwa vimemfika shingoni.

Katika chumba cha walimu alianza kukusanya vitu vyake mezani. Mwalimu wa historia akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Unakwenda wapi na hiyo kompasi? Weka chini. Leo zamu yako kunyamaza, zamu yangu kusema, na nimeisubiri miaka." Akasogea. "Sikiliza. Wewe una kichwa, mimi nina mdomo. Wewe andika ubaoni, mimi nitasoma kwa sauti. Vipindi vyangu vya wazi vinaangukia vyako, nimeshatazama ratiba."

Honi alichukua kalamu. "Wewe na hesabu?"

Shule nzima ilijua kwamba mwalimu wa historia alikimbia hesabu tangu utotoni, na hata alama za wanafunzi wake humpa mwenzake amjumlishie.

"Kwani nimesema nitatunga? Nitasoma tu!"

Kipindi cha kwanza kilianza kwa vituko. Honi aliandika, mwenzake akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira: "Eksi kipeo cha pili! Jumlisha eksi saba! Huyo anakwenda!" Darasa likavunjika mbavu. Honi naye alitabasamu, mara ya kwanza tangu hospitali, akaandika mstari mwingine, na mwingine. Mara sauti nyuma yake ikanyamaza. Akageuka.

Mwalimu wa historia alikuwa amekunja uso, kidole kimeelekea ubaoni.

"Samahani, mwenzangu. Juu huku ndani ya mabano palikuwa na toa tatu. Chini yake imekuwa jumlisha tatu. Umefikaje hapo?"

Mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi, anasema haelewi. Honi alifikiri watamzomea. Badala yake yule kijana mrefu wa nyuma, waliyemwita Mlingoti, akainua mkono taratibu.

"Hata mimi, mwalimu. Sijawahi kujua inakuwaje."

"Na mimi," akasema msichana aliyekaa karibu na mlango.

"Mimi huwa nabadilisha tu, nikiona mabano," mwingine akaongeza, na mikono ikaendelea kupanda huku na huku.

Honi alisimama na chaki yake. Miaka yote aliwauliza, "Tumeelewa?" wakamwitikia "Ndiyooo!" na yeye akaendelea mbele. Kwanza alihisi joto la hasira likimpanda. Kisha hasira ikayeyuka, pakabaki kitu kama huruma, kwao na kwake mwenyewe. Akafuta ubao wote.

Akachukua chaki kumi, akazipanga mezani. Akaandika: kumi, toa mabano, tano toa tatu. Akamwonyesha mwenzake ishara achukue chaki tano. Akachukua. Honi akagonga kidole kwenye ile "toa tatu" iliyo ndani ya mabano, akamtazama Mlingoti, akasubiri. Zamani asingesubiri. Angekuwa ameshanguruma jibu.

Mlingoti aliinuka, akaja mpaka mezani, akatazama chaki, akatazama ubao.

"Alitakiwa achukue tano kasoro tatu," akasema polepole. "Yeye amebeba tano zote. Amechukua za ziada! Lazima arudishe tatu." Akazichukua mkononi mwa mwalimu wa historia, akazirudisha mezani moja moja. "Kumbe ndiyo maana inakuwa jumlisha! Anarudisha!"

"Aaaaa!" Darasa zima likaitika, na safari hii haikuwa ile "ndiyo" ya mazoea. Mwalimu wa historia alipiga makofi kama aliyeshinda kombe. "Ningefundishwa hivi utotoni," akasema, "leo ningekuwa rubani."

Basi muhula ukaenda hivyo. Honi aliandika, mwenzake akasoma na kuuliza, wanafunzi wakajibizana, na Honi akajifunza kazi ambayo hakuwahi kuifanya vizuri: kusikiliza. Alisikia nani anakwama wapi. Mwalimu wa fizikia alimpokea zamu ya getini bila kuombwa. Mpishi wa shule alimjazia chupa ya maji ya moto kila asubuhi, akaiweka mezani na kuondoka kwa kunyata, kana kwamba mgonjwa amelala humo ndani.

Siku moja mwalimu wa historia hakuja, mwanawe alikuwa na homa. Honi aliingia darasani peke yake, akaandika mstari wa kwanza. Kabla hajageuka, yule msichana wa karibu na mlango aliusoma kwa sauti. Mstari wa pili ukasomwa na jirani yake. Hakuna aliyewapangia. Honi aliendelea kuutazama ubao kwa muda, maana hakutaka wamwone usoni.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, daktari alimruhusu maneno machache kwa siku. Aliyaweka akiba mpaka darasani. Sauti ilitoka nyembamba, na wote wakainamia mbele.

"Miaka yote niliwauliza kama mmeelewa. Mwaka huu ndio nimewasikia. Asanteni, wanangu. Mmenibeba."

Mwalimu wa historia, aliyekaa nyuma pamoja nao, akainua mkono.

"Swali, mwalimu. Mimi nitafanyia mtihani chumba gani?"

Kicheko kilisikika mpaka ofisini kwa mkuu.

Matokeo yalipotoka, hawakufaulu wote. Wachache walianguka, na Honi aliwaita mmojammoja kupanga nao namna ya kurudia. Lakini wengi walipita, wengine kwa alama ambazo hawakuziota, na Mlingoti alikuja shuleni mbio kuliko mtu aliyetumwa, akawakumbatia walimu wote wawili kwa mpigo.

Alipoondoka, Honi, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imerudi, alimgeukia mwenzake. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwuliza tangu siku ile ya kwanza.

"Niambie kweli, shoga yangu. Ile siku ya mabano, ulijifanya huelewi ili watoto wapate ujasiri, sivyo?"

Mwalimu wa historia alimkodolea macho.

"Kujifanya? Mwenzangu, nilikuwa sielewi kabisa!"

Honi alimshika mikono yote miwili. "Basi asante," akasema, "asante sana kwa kuuliza."