Mawe ya Baba Akurut

Okware alisimamisha baiskeli yake uwanjani, akayatazama mawe meupe yaliyopangwa mbele ya nyumba ya mdogo wake, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani:

"Nani amekufa hapa?"

Agwang alikuwa anapepeta ulezi wa msimu uliopita. Aliuweka ungo chini polepole. Nyuma ya shemeji yake waliingia vijana wawili wamebeba kitanda cha kamba kisicho na godoro, na alipokiona tu kile kitanda akajua kimekuja kumchukua nani. Hasira ilimpanda palepale, kabla hata hajaitikia.

"Hakuna aliyekufa, shemeji. Karibu."

"Nakuuliza hii mawe."

"Ni mawe ya kumtia moyo baba Akurut. Tumeyapaka mimi na watoto."

Okware alimwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe ametaga.

Sasa hayo mawe yana habari yake. Etyang, mume wa Agwang, alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo upande wa Tororo. Mwezi wa pili mwaka huo jiwe moja liliteleza kutoka juu likamvunja paja. Alilala hospitali miezi minne. Siku ya kumruhusu, daktari alimwita Agwang kando akamwambia mambo waziwazi: mfupa umeshika, sasa kazi ni ya mwenyewe. Atembee kila siku, azidishe hatua kila siku. Asipotembea mpaka ulezi uvunwe, goti litakauka, na likikauka ndiyo basi, atakuwa mtu wa kubebwa maisha yake yote.

Basi mtu huyo alirudi nyumbani kwao, njia ya Mukuju, akakaa. Akakaa tu. Etyang, askari wa zamani aliyetembea Burma na mzigo mgongoni, alikaa mlangoni kutwa nzima akitazama kuku. Agwang alimbembeleza, hakusikia. Alimnunia, hakujali. Siku moja alimwekea chakula mbali ili ainuke akifuate, mwanaume akalala njaa. Mwanamke gani hatakasirika? Alikuwa analima peke yake, anabeba maji peke yake, mahindi anayapeleka mwenyewe sokoni Busia, na akirudi anakuta mtu ameketi palepale alipomwacha asubuhi, kivuli ndicho kimehama.

Wazo la mawe alilipata shuleni kwa watoto. Njia ya kuingia shule ile imepangwa mawe yaliyoandikwa maneno: Bidii, Usafi, Heshima. Agwang hakujua kusoma, lakini Akurut, binti yake mkubwa, alimsomea, na njiani kurudi Agwang akasema na sisi tutafanya yetu. Waliokota mawe kijitoni, mengine makubwa mpaka wakayabiringisha kwa zamu. Chokaa Agwang aliitoa Tororo, kopo zima. Wino mweusi walifanya kwa masizi ya chungu na maziwa kidogo ili yashike. Zulaika, mama mwenye duka sokoni Busia, alimpa bluu ya kufulia bure aliposikia ni ya nini, akasema Mungu atamsimamisha huyo.

Zilikuwa siku nzuri zile. Mchana baada ya shamba walitandika mkeka, mama na mabinti wawili, kila mmoja na kijiti chake alichokitafuna ncha kikawa brashi. Agwang anasema neno, Akurut anaandika, Alupo mdogo anachora maua ya bluu huku ametoa ulimi nje. Waliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho Etyang alichofunzwa kusoma jeshini. Simama. Jikaze, baba. Bado kidogo. Mungu yuko. La Alupo lilisema: Baba njoo tule. Mawe kumi na mawili, sita kila upande wa njia, na mwishoni la kumi na tatu, kubwa, la kufunga safu.

Kila jioni Etyang alishika mkongojo akapita katikati ya mawe, na watoto wakapiga makofi. Wiki saba. Na kwa wiki saba hakuvuka jiwe la nne hata siku moja. Akifika hapo anasimama, jasho linamtoka, uso unakuwa wa majivu, anageuka. Agwang alidhani ni maumivu. Siku nyingine alidhani ni uvivu, na siku hizo alitwanga muhogo mpaka kinu kikalia.

Sasa Okware alikuwa amesimama mbele ya lile jiwe kubwa la mwisho. Yeye alisoma misheni, anasoma kila kitu.

"Na hii? 'Baba Etyang, 1964.' Jina na mwaka. Mlibakisha nini, msalaba?"

Agwang hakujua kama jiwe lile limeandikwa hivyo. Alimgeukia Akurut.

"Mwalimu anasema kila kazi iandikwe jina na mwaka," Akurut alisema kwa sauti ndogo. "Na kazi yenyewe ni ya baba."

Ndipo Agwang alipoelewa. Kwao alikozaliwa, kaburi ni udongo, majani yakiota yameota. Lakini ukoo wa Etyang ulibatizwa mapema, na hawa huzungushia makaburi yao mawe, wakayapaka chokaa, na kichwani wakaweka moja kubwa la jina na mwaka. Kaburi la baba mkwe aliliona siku ya mazishi tu, kabla ya chokaa. Na miaka yote hii hakuna aliyemwambia kitu.

Kujua kosa hakukumpunguzia hasira. Kulimwongezea.

"Sikujua, shemeji. Ungekuja wiki ya kwanza ungeniambia. Hata hospitali hukufika."

"Mimi sikuja kugombana na wewe. Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Hakai kwenye nyumba imemchimbia kaburi anaona."

"Hatabebwa."

"Mama Akurut."

"Nimesema hatabebwa. Alitoka kitandani hospitali kwa miguu yake. Mkimpeleka kwenu atalishwa uji amelala, dada zenu watamwonea huruma asubuhi na jioni, na goti litakauka mnaliangalia. Halafu mtanirudishia nini? Kitanda?"

Okware alilisukuma jiwe la karibu kwa kiatu. Lilikuwa la Alupo, lile la maua. Lilibingirika mpaka kwenye kinyesi cha kuku, na Alupo akaangua kilio. Agwang aliuchomoa mchi kinuni. Hakujua atafanya nao nini, lakini aliushika kwa mikono miwili, na wale vijana wa kitanda walirudi nyuma hatua mbili.

"Mwache," Etyang alisema kutoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyemwita."

Agwang alimgeukia, mchi bado mikononi.

"Umemwita wewe?" Agwang aliuliza.

"Nilimwandikia barua."

"Mimi nalala na wewe nyumba moja, unamwandikia mtu wa mbali barua. Hukuwa na mdomo?"

"Nikwambie nini?" Etyang alisema, na sauti yake nayo ilikuwa imeanza kupanda. "Jiwe lilinivunja mguu, ukaniletea mawe. Sawa. Ukayapaka chokaa. Nikasema atajua mwenyewe, atayatoa. Ukaongeza. Halafu jina langu. Kila jioni mnanitoa mlangoni mnanitembeza ndani ya kaburi langu, nikiinua macho naona mwaka niliokufa."

"Na kwa nini ulikuwa unaingia?"

Etyang alitazama chini.

"Watoto walikuwa wanapiga makofi," alisema.

Agwang aliuachia mchi ukaanguka. Kama angelia pale, angelia mpaka kesho, na hakutaka kulia mbele ya Okware. Alikuwa na hasira na huyu mwanaume aliyekaa kimya wiki saba. Alikuwa na hasira na ukoo wake na chokaa yake, na zaidi ya wote na yeye mwenyewe, aliyesema maneno kumi na mawili yaandikwe na asimuulize mgonjwa hata neno moja. Alikwenda kwenye lile jiwe kubwa, akainama, akalinyanyua peke yake. Uzito wake ulimkata kiuno. Alilibeba mpaka nyuma ya choo akalitupa kichakani. Akarudi akachukua la pili.

"Akurut, beba. Na wewe Alupo, nyamaza ubebe."

Wakabeba. Okware alitaka kusaidia, Agwang akamwambia asiguse kitu chake. Jikaze likaenda, Mungu yuko likaenda, Bado kidogo likaenda. Vijana waliweka kitanda chini wakasubiri, hawajui pa kuweka macho. Jiwe la mwisho lilipoondoka, uwanja ulibaki mtupu kutoka mlangoni mpaka kwenye ua wa minyaa kando ya barabara, na alama tu za udongo mbichi.

Agwang alijifuta mikono kwenye leso.

"Haya. Kaburi hakuna. Kitanda hicho hapo, barabara hiyo pale. Mimi sikutii moyo tena. Wallahi sisemi kitu."

Etyang alimtazama mkewe kwa jicho baya kabisa. Akatazama kitanda. Kisha akajiegemeza kwenye mkongojo akainuka kitini, huku anatukana kwa Kiteso maneno ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia, akashika njia. Alipita kitanda. Alipita mahali pa jiwe la nne bila kusimama. Goti lilikuwa linakataa, unaliona linakataa, naye analivuta hivyohivyo, shati limelowa mgongo mzima. Okware alimkimbilia kumshika mkono.

"Toka hapa," Etyang alimwambia.

Alupo aliinua mikono yake miwili, na Agwang akaishika haraka kabla haijakutana.

Mwanaume alifika kwenye minyaa. Zilikuwa hatua arobaini na kitu. Alisimama pale anahema, amejiegemeza kwenye kigingi cha ua, miguu inamtetemeka, barabara iko mbele yake na nyumba iko mbali nyuma. Aligeuza kichwa.

"Mama Akurut! Niletee kiti."

Okware alikishika kile kiti haraka. Agwang alimnyang'anya, akakirudisha mlangoni palepale kilipokuwa, akakikalia.

"Kiti kiko hapa," alimjibu mumewe. "Kifuate."