Waridi Lisiloibwa

Yoramu Lugembe alikuwa na madebe matatu ya mafuta ya taa barazani kwake Kanyenye, na katika kila debe mti mmoja wa waridi. Ukimwuliza kwa nini hapandi ardhini kama watu wengine, alikutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini halali juu ya paa. Ardhini kuna mchwa. Mchwa wa Tabora wamekwisha kula miguu ya vitanda, majamvi ya msikitini na vitabu vya nyimbo vya Wamoraviani bila ubaguzi wa dini. Mzizi wa kigeni utawashinda nini? Kwa hiyo debe. Matundu sita ya msumari, changarawe chini, samadi iliyokwisha kupoa, na juu yake udongo wa kichuguu, maana adui akikuonea, nawe mbomolee nyumba.

Ujuzi huo aliupata kwa Bwana Maji, Mzungu wa mabomba na visima, ambaye Yoramu alimtunzia bustani miaka tisa. Huko alifundishwa kuchagua waridi kizungu: ua liwe kubwa, shina refu, lisimame wima kama askari mbele ya bendera. La manjano, lililokuwa kubwa kuliko yote, alilipa jina la Bwana Shauri, cheo cha Mzungu mkuu wa wilaya. Lilikuwa na kichwa kama kabichi na majivuno ya kutosha kata nzima.

Ndani ya nyumba mlikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia yeye. Kingine kilikuwa cha mkewe Tekla, aliyefariki mwaka wa hamsini na nne, na sasa kilikaliwa na paka, tena paka wa jirani. Wanawe wawili walikuwa mbali, mmoja Kigoma, mmoja Mwanza, nao waliandika barua wakati wa Krismasi, fupi kama simu ya upepo inayolipiwa kwa neno.

Aliyekuwa akikivunja kimya kile ni Mwamvita, nyumba ya nne kutoka kwake. Mwamvita alikuwa Mzaramo, mkewe Lukumani fundi wa reli, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Hakupiga hodi hata siku moja. Aliingia akitukana, akafunua chungu, akasema chakula hiki hata mbwa wa Pwani angeomba udhuru, kisha akala. Siku aliyozikwa Tekla alivaa kanga ya marehemu, akaketi katikati ya waliofiwa, akamwigiza Tekla akimgombeza Yoramu kwa kuingia na matope ndani. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Yoramu naye alicheka, na ndicho kilichomwezesha kula siku ile.

Sasa sikia Yoramu alivyoharibu mambo. Machi ya mwaka wa hamsini na sita Wazungu walikuwa na maonyesho ya maua, na Memsabu, mke wa Bwana Maji, alimruhusu Yoramu apeleke ua moja la kwake. Bwana Shauri alikuwa amechanua vizuri mno. Asubuhi ya maonyesho akapita Mwamvita, akalikwanyua ua, akalinusa, akakunja uso.

"Mnyamwezi, ua gani hili? Halinuki kitu! Kama barua ya serikali."

"Nani amekupa ruhusa?" Yoramu akafoka. "Ukitaka kitu cha mtu, omba!"

Mtani unaweza kumtukana mama yake, babu yake na kabila lake zima. Lakini kumwambia aombe ruhusa ni kumwambia kwamba yeye ni mtu baki. Mwamvita alilaza ua juu ya ngazi taratibu, kana kwamba ni yai.

"Nisamehe sana, mzee," akasema, akaenda zake.

Tangu siku ile akawa na adabu. Adabu hiyo, Mungu akuepushe nayo! Kila alipopita aliinamisha kichwa: "Shikamoo, Mzee Yoramu." Naye Yoramu alijibu "Marahaba" huku moyo unamchoma, akasubiri japo tusi dogo, japo la kukopa. Halikuja. Paka akaendelea kukalia kiti.

Mwezi wa Mei Bwana Maji akapata uhamisho. Memsabu akamwita Yoramu bustanini, akamwambia achague mti mmoja, awe nao kwake. Marko, mpishi, akatoka jikoni na sufuria mkononi ili asikose tamasha.

"Chukua ule mweupe unaopanda ukutani," Marko akashauri. "Utakufunika nyumba yote, watu wasione mabati yenye kutu."

"Ule ni wa kupanda ardhini. Ndani ya debe utashinda njaa, mwaka mzima ukupe majani matatu na ua la kukopa."

"Basi ule mwekundu. Mfupi, hauna makuu."

Yoramu akauinamia ule mwekundu, akaunusa. Miaka tisa hakuwahi kunusa mti hata mmoja pale. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Haukunuka. Akanusa wa pili, wa tatu, akazunguka bustani nzima na pua mbele. Marko akauliza kama amepoteza mfupa.

Akafika nyuma ya jiko. Pale palikuwa na mti wa waridi la pinki, vurugu tupu, matawi kila upande, maua madogo yenye kuinamisha vichwa. Watu walisema Mwarabu mmoja aliuleta zamani kutoka Pwani, umefungwa gunia bichi, juu ya kichwa cha mpagazi. Memsabu alikwisha mwamuru Yoramu mara mbili aung'oe, na mara mbili ukachipua tena. Harufu yake ilimpokea kabla hajainama.

"Huu," akasema.

Memsabu akadhani mzee ameugua. Marko akasema wazi: "Yoramu, umeonyeshwa ng'ombe ukachagua kupe."

Mti ule ulikuwa na mizizi mipana, debe lisingetosha. Yoramu akapata nusu ya pipa la lami, akalichoma moto mpaka lami yote ikaisha, akatoboa matundu, akaupogoa mti ukabaki vijiti vitano. Kiangazi chote aliugawia maji yake ya kuoga. Wiki ya Maulidi, Oktoba, ulichanua wote kwa pamoja, na mtaa mzima ukanukia. Wanawake wa Kanyenye, wanaotafuta mawaridi ya kuchanganya na mrehani na asumini, walisimama njiani wakivuta pumzi.

Mwamvita akaja na bakuli. Akasimama nje ya baraza.

"Hodi, mzee. Shikamoo. Naomba, kama hutajali, maua machache kwa ajili ya Maulidi."

"Chukua," Yoramu akasema. "Chukua tu. Tangu lini unaomba?"

"Siwezi kuchukua cha mtu bila ruhusa, mzee. Basi nitakuja wakati mwingine, usisumbuke." Akaondoka na bakuli tupu.

Yoramu alikaa akiutazama mti. Miezi mitano ya maji ya kuoga! Alikuwa amempandia mwizi waridi, na mwizi amekuwa mstaarabu. Akawaza sana, mpaka akaona kosa lake: mlango wa utani aliufunga yeye, na mlango hufunguliwa na aliyeufunga.

Akavaa koti la kanisani, akaenda nyumba ya nne. Uani Mwamvita na wanawake wenzake walikuwa wakipika vitumbua. Yoramu hakupiga hodi. Alichukua kitumbua kimoja kwenye sinia, akauma, akakitema kwa heshima zote.

"Wazaramo ngoma mnaweza," akasema. "Kupika waachieni wenye akili."

Kisha Yoramu, mzee wa kanisa, akanyanyua sinia zima, akaondoka nalo.

Alikaa barazani kwake, sinia mapajani. Jua likasogea. Hakuna aliyekuja. Akaanza kuwaza jinsi ya kurudisha vitumbua vya watu bila kufa kwa aibu, ndipo akasikia viatu.

"Mwizi! Mnyamwezi mwizi! Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka kwetu akarudi na shanga mbili na kikohozi, leo mjukuu kajifunza kuiba!"

"Vitumbua? Mimi nilidhani changarawe za kuweka chini ya debe."

"Nitakuonyesha changarawe!" Mwamvita akauvamia mti kwa mikono miwili. Hakuchuma, alipora. Maua, vikonyo, majani, vyote ndani ya upande wa kanga. Miiba ikamchana, akamtukania Yoramu ukoo hadi kizazi cha tano, akauacha mti uchi kabisa.

Yoramu akaingia ndani mbio, akamfukuza paka, akatoka na kiti cha Tekla. "Kaa basi kidogo."

"Nikae na nani? Na wewe? Watu wananisubiri." Akanyakua sinia lake, akaenda.

Kiti kikabaki barazani. Maua mengine hayangekuja mpaka wiki saba zipite, au nane. Yoramu akachukua mkasi, akaanza kusafisha matawi yaliyochanika, juu kidogo ya kila jicho la kuchipukia, bila haraka, maana hakuwa na kazi nyingine. Kutoka nyumba ya nne kikapasuka kicheko cha wanawake, na katikati yake sauti ya Mwamvita ikilitaja jina lake. Akasimamisha mkasi, asikie vizuri anavyotukanwa.