Tumbo la Kocha Fermin

Jeneza la Kocha Fermin liliwekwa uwanjani, chini ya goli la upande wa kanisa, kwa sababu mtaani San Roque hakuna ukumbi mwingine. Watoto wa timu yake wakaendelea na mpira wa kikapu kwenye goli lililobaki. Alikuwa ameanguka mazoezini, filimbi mdomoni, na kabla hajafikishwa hospitali roho ilishatoka. Waombolezaji walikunywa kahawa, wakala uji wa kuku, wengine wakafungasha na wa nyumbani.

Kesho yake baada ya maziko, jua lilipozama, tumbo lake likaanza kunguruma uwanjani.

Lilisikika mpaka sokoni. "Kocha huyo, ana njaa," alisema muuza samaki, Aling Pasing, akaendelea kuparua magamba.

Analyn, nahodha wa timu, alikaa kwenye benchi akalisikiliza. Baba yake yuko Saudia, mama yake hurudi kutoka kazini usiku. Aliyekuwa akimuuliza kila siku "umekula?" ni Kocha. Akijibu hajala, Kocha humtolea mkate mfukoni. "Mchezaji hachezi na njaa, we mtoto!"

Kisha jioni Kocha alikuwa akirudi kwake, peke yake, akipita milango yetu. Kila mlango ulimwita: "Kocha, karibu tule!" Naye: "Endeleeni jamani, nimeshiba." Ndiyo adabu yetu. Mwenye chakula hukaribisha, mpita njia husema ameshiba. Ukikaribisha mara ya pili ndipo inakuwa kweli. Hakuna aliyewahi kumkaribisha mara ya pili, miaka yote ile, loo!

Tumbo lilinguruma hadi watu wakawa hawasikii televisheni zao. Wakaanza kupeleka sahani chini ya goli: wali, samaki mkavu, kuku wa siki. Asubuhi sahani zilikuwa vilevile, zimejaa sisimizi.

"Hataki chakula changu," alilalamika mke wa fundi baiskeli.

"Kwani lini ulimpa akakizoea?" Aling Pasing akamjibu.

Analyn hakupeleka kitu. Kocha akishiba atanyamaza, na akinyamaza, yeye atabaki na nani? Kila jioni alikaa karibu na ile sauti. "Umekula, Kocha?" Tumbo likanguruma. Mwishowe roho ikamuuma. Akaleta wali wake wa jioni na yai lake, akaviweka chini ya goli.

"Kocha, karibu tule."

Tumbo likanguruma.

"Karibu, bwana! Mimi sikutanii, kaa ule!"

Likanyamaza. Sahani ilikuwa nyeupe, yai limekwisha. Analyn akalia mpaka kamasi zikamtoka, akaenda kulala na njaa, na hakuna aliyemuuliza.

Siku hizi anayefundisha timu ni Jomar, kijana wa timu ya zamani, asiye na kazi nyingine. Naye huja na mikate mfukoni, naye jioni hurudi kwa milango ileile. Jumapili iliyopita mama yake Analyn alikuwa nyumbani, anapakua.

"Jomar, karibu tule!" akaita, mkono juu ya mfuniko wa sufuria.

"Endeleeni, mama, nimeshiba."

Analyn akatega sikio. Tumbo la aliye hai halisikiki mbali.

"Jomar!" akaita. "Karibu—"

"We, acha kumsumbua mwenzio," mama yake akamkatiza. "Si amesema ameshiba?"

Jomar akapunga mkono bila kugeuka, akakata kona.