Nafasi Moja ya Mlinzi

Mjukuu wangu Wairimu aliletwa Doha kuanza mpira wa magongo wa kulipwa, na Fiona wa Nairobi akaletwa pamoja naye. Klabu ilihitaji mlinzi mmoja tu. Mchezo wa tatu wa msimu ukiisha, kocha angemchagua mmoja, na mwingine angerudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimekuja kumtembelea binti yangu Millicent, muuguzi anayeishi mtaa wa Al Mansoura mjini humo, ndipo nikayashuhudia hayo.

Michezo miwili ya kwanza ilinihuzunisha. Mara kwa mara mpira ulipita chini ya gongo la Wairimu kana kwamba hakuwepo. Baada ya mchezo wa pili tuliketi kunywa karaki, chai ya maziwa na iliki ya huko, naye akiniita babu kwa Kikuyu akasema, "Guka, sijui mikono yangu imepatwa na nini."

"Usali, kisha ufanye mazoezi," nilimjibu. "Tena upunguze urafiki na yule Fiona. Salamu zinatosha. Huyo ni mshindani wako."

Siku iliyofuata nilifika uwanjani mapema, nikawakuta wawili hao peke yao. Nyasi bandia zilikuwa zimetoka kunyunyiziwa maji, kama ilivyo desturi ya mchezo huo. Fiona alikuwa amechuchumaa, kiganja chake juu ya nyasi.

"We msichana wa Nyeri, shika hapa! Kuna kokoto?"

"Hakuna," akajibu Wairimu.

"Basi mbona unainua gongo? Unangoja mpira udunde kama kwenu kwa changarawe? Hapa haudundi, dada. Unateleza kama sabuni. Laza gongo chini!"

"Na wewe mbona unaniambia? Si unataka nafasi?"

"Naitaka sana. Lakini nikushinde kwa sababu ya maji? Zii! Inama, nakupigia."

Alimpigia mipira hadi wenzao walipofika. Mimi nilibaki nyuma ya uzio nikiwatazama.

Katika mchezo wa tatu Fiona alicheza vizuri. Wairimu alicheza vizuri zaidi. Hakuna mpira uliopita chini ya gongo lake. Kisha kocha aliwaita pembeni. Nikamwona Wairimu amefunika uso, mwenzake akimpigapiga mgongoni, hata nisitambue ni yupi aliyeachwa.

Fiona ndiye aliyenijia kwanza.

"Guka, mjukuu wako amebaki. Analia kama ni yeye anaenda. Mwambie anyamaze, ananiaibisha mbele ya watu."

Alicheka, kisha midomo yake ikatetemeka. Mimi, niliyezoea vijana wasimame niingiapo, nilisimama mbele yake, nikamshika mikono yote miwili.

"Mbona unasimama, Guka? Keti, jua ni kali."

"Keti wewe," nilimwambia, nikimwonyesha kiti changu kivulini. "Leo utakula kwetu. Millicent ameshapika, na kwake hutakuwa mgeni."