Mikono ya Bi Chuma

Hatimaye mtu aligonga. Nilikuwa nimeikalia zamu yangu Jumatano baada ya Jumatano, nikitazamana na kiti kitupu, na nilishaanza kuamini kwamba hospitali nzima, kuanzia madaktari bingwa hadi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ina raha mustarehe isipokuwa mimi, niliyekuwa nakufa kwa hamu ya kumsikiliza mtu. Nikaruka kufungua. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Chuma.

Nilimwamkia kwa sauti ya wodini, mikono nyuma. Akaitikia marahaba, akachungulia ndani kama anayekagua vitanda, kisha akauliza kama hapa ndipo wanaposikiliza watu. Nikasema ndipo. Akaingia.

Bi Chuma alikuwa mkufunzi wetu wa ukunga, na jina hilo tulimpa sisi wanafunzi kwa sababu hatukuwahi kumwona akipinda. Aliweza kusikia kutoka ukumbini kwamba umeshika kibano vibaya. Na chumba chenyewe kilikuwa zamani cha kufungia plasta waliovunjika mifupa, nyuma ya idara ya mazoezi ya viungo. Kuta zake bado zilikuwa na madoa meupe, na ukiegemea vibaya unatoka umepakwa chokaa mgongoni. Hapo ndipo hospitali ilipoanzisha huduma ya wafanyakazi na wanafunzi kusikilizana wao kwa wao, kwa siri. Mshauri nasaha alikuwa ametufunza kikundi kidogo. Tulifunzwa kwamba yanayosemwa mle hayatoki, labda uhai wa mtu uwe hatarini. Kwamba ukimjua aliyekuja umwambie wazi, umpe nafasi ya kuchagua mwingine. Na kwamba hatukuwekwa pale kumtibu mtu. Ikiwa leo nasimulia, ni kwa sababu wote ninaowataja wameniruhusu, tena mmoja wao amenicheka kwa kuchelewa kusimulia.

Basi nikajikaza. "Mwalimu, tunajuana. Ukipenda nitakuitia msikilizaji mwingine, mtu mzima mwenzako."

"Watu wazima wenzangu watanihurumia," akasema. "Wewe unaniogopa. Kaa."

Nikakaa. Akaweka mikono mapajani, akatazama ukuta, akaanza kwa sauti ileile anayotumia asubuhi tunapozunguka vitandani.

"Mgonjwa ni mwanamke wa makamo, mkunga kwa kazi yake. Analalamika kwamba mikono inatetemeka kila akikaribia kitanda cha kuzalia. Tatizo lilianza msimu wa mvua."

Hapo nikafanya kosa ambalo muuza duka asingelifanya, wala fundi cherehani. Nilisikia ripoti ya mgonjwa, na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha miaka yote namna ripoti inavyopokelewa, nikaingia kazini. Nikauliza kuhusu usingizi. Nikauliza kuhusu hamu ya kula, kahawa, dawa anazotumia, kama kuna mtu wa ukoo mwenye tatizo la tezi ya shingo. Alijibu kila swali kwa ufasaha, nami nilikuwa na furaha ya ajabu, nilijiona nimeiva. Kidogo tu nimshike mapigo ya moyo. Mwishowe nikatoa mpango wa matibabu: apumzike, kisha ahamishiwe kliniki ya watoto, ambako watoto huja wakiwa wameshazaliwa.

Akainuka, akakung'uta chokaa begani. "Umemtibu vizuri. Nitamfikishia."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa nimesubiri majuma yote yale mtu aje, na mtu alipokuja nilimsaidia kujificha.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya wodini tena. "Huyo mgonjwa simjui. Ninayemjua ni wewe, na sijui umepatwa na nini."

Alibaki ameupa uso mlango. 

"Alinishika mkono," akasema. "Yule mama. Alikuwa anavuja damu, mkono wangu mmoja uko ndani unazuia, na huu mwingine akaushika, akasema nisimwache. Sikumwacha. Akafa vilevile."

 Sikuwa na cha kusema, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini tulifunzwa kutokuwa nacho. Akarudi kitini akalia, akilia kwa hasira kama mtu aliyeibiwa, nami nikalia kidogo pia, jambo ambalo hakuna aliyetufunza.

Mengine aliyatoa taratibu. Uchunguzi ulifanyika, hakuna aliyekutwa na kosa. Wenzake walimwambia ni kazi ya Mungu, apige moyo konde, maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile hakuwa amempokea mtoto hata mmoja. Alisimama mlangoni mwa leba, mikono ameikunja kifuani, akituelekeza kwa maneno, na sisi tukadhani ndiyo mbinu yake ya kufundisha. Wengine tulisema anaringa. Muhula ukiisha, akaniambia, angekwenda kwa metroni kuomba kuacha kazi. "Na nikiiacha," akasema, "sijui nitakuwa nani."

Nilitoka mle nikitembea juu ya hewa na nikiogopa kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimebeba kitu cha thamani na sikuwa na ruhusa hata ya kuonyesha kwamba mikono yangu imejaa.

Akarudi Jumatano iliyofuata, na iliyofuata. Wodini hakunipa hata chembe ya upendeleo. "Wewe, unashika mkasi kama mwiko," alinikemea mbele ya wote, na mimi nikafurahi, maana nilijua anayekemea hivyo bado yuko kazini.

Shida ilikuwa Redio. Huyu alikuwa mwenzangu wa chumba bwenini, rafiki yangu kipenzi, na jina lake alilipata kwa haki: habari ikimfikia saa nne, saa tano hata mpishi wa kantini anayo. Kila jioni alimsema Bi Chuma. Ati mvivu, ati anaogopa kuchafua gauni lake, ati anatuachia kazi na yeye anakula sifa. Mimi naung'ata ulimi na kukunja nguo. Kisha akaona natoweka kila Jumatano na kurudi nikiwa na macho yanayong'aa, akajua, kwa ujuzi wake, kwamba nimepata mchumba. Sikumkanusha, uongo ule ulinifunika vizuri. Lakini haukupita muda mama yangu alipiga simu kuuliza mkwe anakuja lini. Nikamwambia hakuna mkwe, ni maneno ya watu. Mama akacheka kicheko cha mtu anayejua. "Lisemwalo lipo mwanangu, na kama halipo laja." Nikaaga haraka.

Kisha ikaja asubuhi ile. Jua limejaa madirishani, leba imefurika, mkunga wa zamu ameitwa chumba cha upasuaji na mama mwingine. Redio alikuwa anazalisha, mimi namsaidia, na Bi Chuma yuko mlangoni, mikono kifuani. Kichwa cha mtoto kilitoka, halafu kikarudi nyuma kidogo na kung'ang'ania hapo, mashavu yamebanwa. Redio akajaribu taratibu, kama tulivyofundishwa. Hakuna kilichosogea. Akaniangalia, uso umemsawijika.

Mabega yamekwama. Mkunga yeyote anajua maana yake: dakika ni chache, zikipita unampoteza mtoto. Nikabonyeza kengele ya msaada kwa kiwiko, lakini aliyekuwa karibu na mwenye ujuzi alikuwa mmoja tu, na katika chumba kile ni mimi pekee niliyejua kwa nini mikono yake imekunjwa. Ningeweza kumwambia asiogope. Neno hilo moja lingeimwaga siri yake sakafuni, mbele ya Redio. Ningeweza kumsihi, na hilo nalo lingekuwa kusema. Nikafanya jambo la kawaida kabisa. Nikaripoti mgonjwa.

"Mwalimu, mama wa uzazi wa pili. Kichwa kimetoka, mabega yamekwama."

Nikachana pakiti ya glovu, nikaishika wazi upande wake, nikasogea kumwachia nafasi kitandani, kama ambavyo ningefanya kwa mkunga yeyote, siku yoyote.

Alizitazama zile glovu. Niliomba kimoyomoyo, wala sikujua namwombea nani, mtoto au yeye. Kisha mikono ikakunjuka. Ilikuwa inatetemeka, niliiona ikivitafuta vidole vya glovu na kuvikosa na kuvipata. Akaja nayo hivyohivyo, ikitetemeka.

"Magoti ya mama kifuani, huku na huku," akasema. "Wewe, bonyeza hapa juu ya kinena, usiguse tumbo. Na wewe mama, mwanangu, usisukume mpaka nikwambie. Niko hapa."

Mkono wake ukaingia chini, polepole, macho yake yako juu yanatazama dari kama anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Akaupata mkono wa mtoto ulioelekea mgongo wa mama, akaukunja kiwiko, akaupitisha mbele ya kifua chake kidogo. Kidole kikatokea, kikafuata kiganja, na bega likafunguka, na mtoto mzima akateleza nje, jitu la mtoto, zito, la bluu na limenyamaza. Nilimpokea nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Leba nzima ilikuwa imeacha kupumua pamoja naye.

Akalia. Alilia kwa ghadhabu, mikono yote miwili ikipunga, na mimi nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi famasi.

"Nyamaza, hapa hospitali," alisema Bi Chuma, na barakoa yake ilikuwa imelowa machozi. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya goti la yule mama, na haikuwa na haraka ya kuondoka.

Jumatano hakuja. Nilikaa nikikitazama kile kiti kitupu kilichonisononesha siku zote, na nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Metroni hakupelekewa ombi lolote muhula ule, wala uliofuata.

Muda wangu ulipokwisha nikafungua mlango ili niondoke. Kwenye ukumbi, mbele ya bango la mazoezi ya mgongo, alisimama Redio akijifanya anasoma. Alinitazama, akatazama chumba nyuma yangu, na nikaona anaunganisha mambo moja baada ya jingine. Nikasubiri maneno. Badala yake kidevu chake kikaanza kucheza.

"Tunajuana," nikamwambia. "Ukipenda nitakuitia mwingine."

Akatikisa kichwa. "Kila nikifumba macho nakiona kile kichwa," akasema. "Nilikuwa nalia kwenye ngazi, Mwalimu akanikuta. Nikajua leo nimekwisha. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, na gauni lake jeupe, akaniambia hata yeye aliwahi kuja huku. Bi Chuma. Nikamuuliza nani alimsikiliza."

 "Akasemaje?"

"Akasema hilo halinihusu. Akasema nije tu, yeyote nitakayemkuta atatosha."

 Nilimpisha aingie, nikamwonya asiegemee ukuta, nikafunga mlango.