Dira ya Mjomba

Hakuwa na koti la baridi. Hakuwa na sanduku ambalo magurudumu yake yote manne yalizunguka, wala rafiki hata mmoja katika nchi aliyokuwa akihamia, wala maneno zaidi ya ishirini ya lugha ya huko, na kati ya hayo sita yalikuwa ya kuomba radhi. Hayo yote yangepatikana. Alichokosa hasa, siku tano kabla ya safari, ni uso wa kumtazama mjomba wake.

Na mjomba alikuwa papo hapo sebuleni, amepiga magoti, anafunga kamba maboksi ya vitabu. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa mitambo katika taasisi ileile alikofanya utafiti mpwa wake. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine aliyachuma kwenye masomo ya jioni, mvi zikiwa zimeshaanza.

"Daktari," alisema, maana tangu mpwa wake ahitimu hakumwita vinginevyo, "mashine za huko nazo zinanuna kama yetu?"

"Zote zinanuna, Mjomba."

"Basi hutakosa kazi. Kubembeleza umeshazoea."

Mashine yenyewe ilikuwa ya teknolojia ya kwantamu: kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kimepozwa kwa baridi isiyo na mfano, kinachotakiwa kutulia tuli ndipo kifanye hesabu. Hakikutulia. Miezi minane vipimo viliruka, vikatulia, vikaruka tena, na wasomi wakabaki kukuna vichwa. Aliyegundua ni mjomba. Alibandika dira ndogo ya mfukoni ukutani, akaketi kwenye korido wiki tatu na daftari la mistari. Kila lifti ya jengo ilipopita nyuma ya ukuta ule na vyuma vyake vizito, sindano ya dira ilitikisika. Na kila ilipotikisika, vipimo viliruka. Mashine ikahamishiwa upande wa pili wa jengo. Ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Mpwa akaandika makala, jina likawa lake peke yake. Mwishoni aliwashukuru "wafanyakazi wa karakana", kama mtu anayepungia umati mkono kwa mbali. Alijiambia ndivyo wanavyoandika wote. Lakini kwenye usaili, mkuu wa maabara ya ng'ambo alimuuliza, "Wazo la lifti ulilipata wapi?" Naye akajibu, "Nilikaa kwenye korido na dira." Wakafurahi mno. Wakampa kikundi kizima akiongoze, kazi yake kuwinda visumbufu vya namna hiyo. Baadaye alijifariji kwamba ulimi ulimteleza. Haukuteleza. Aliusukuma mwenyewe.

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Mwezi mmoja baada ya makala kutoka, mjomba alimjia nayo mkononi. Ilikuwa kwa Kiingereza.

"Nisomee pale nilipotajwa."

Akasoma, macho makavu, sentensi ambayo haikuwapo: jina zima la mjomba, cheo chake, shukrani za dhati.

"Soma tena," alisema mjomba.

Akasoma tena. Mara ya pili maneno yakatoka tofauti kidogo.

Sasa, kati ya maboksi, mjomba alimpa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. "Hiki kaa nacho mwenyewe. Ni dira. Huko nako kuna lifti." Kisha akatoka kwenda kununua kamba nyingine.

Chini ya dira kulikuwa na lile daftari. Alilifungua. Kurasa za mwanzo zilijaa saa na dakika za lifti. Zilizofuata zilikuwa makala yake, imenakiliwa yote kwa mkono, na juu ya kila neno gumu maana yake kwa penseli. Chini ya "wafanyakazi wa karakana" mstari ulipigwa kwa rula. Tarehe ya ukurasa ule ilikuwa wiki moja kabla ya siku aliyoombwa asome.

Haya zikamshika hadi masikio yakamwaka moto. Mjomba aliporudi alimkuta palepale.

"Mjomba, ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza ningekuwa nimekufanyia kazi yako. Hii ni ya kwako, Daktari. Shika kamba hapa, kaza."

Akashika, akakaza. Kisha akanawa mikono, akaketi mezani ulipokuwa mkataba wa kazi ya ng'ambo, ambao siku hiyohiyo ulitakiwa kwenda kwa posta ukiwa na sahihi ya wino. Akatia sahihi. Akachukua karatasi nyingine, akamwandikia mkuu wa maabara: nani aliketi kwenye korido, dira ilikuwa ya nani, na nani alidanganya kwenye usaili. Nakala atapeleka kwa waliochapisha makala. Wakiona hafai, mkataba wauchane.

Mjomba alivaa miwani, akaisoma barua taratibu.

"Umekosea hapa. Umeandika wiki mbili. Ni tatu."

Akasahihisha.

"Na wakikukataa?"

"Nitafungua maboksi."

"Utafungua mwenyewe. Mimi mafundo yangu siyafungui."

Hakucheka, wala hakumshika bega. Aliendelea kufunga.

Posta, karani aliipima bahasha kwa kiganja. "Ya kawaida au ya haraka, dada?"

Alisita. Ya kawaida ingefika akiwa tayari ameketi kwenye kiti kipya.

"Ya haraka."

Aliweka barua juu ya mkataba, ndiyo isomwe kwanza, akalamba gundi iliyokuwa chungu, akabana kwa vidole viwili mpaka ikashika. Karani akagonga muhuri, akaitupia kwenye mfuko nyuma yake.

"Anayefuata!"